Machozi ya Saa Tano Kasoro Robo

Tangu niandike hapa kwamba nina ugonjwa wa Parkinson, mwaka wa tisa sasa, ujumbe wenu haukomi. Nilidhani mtaniuliza habari za mikono inayotetemeka. Wengi mmeniuliza habari za machozi, hasira na hofu. Mimi ni muuguzi mstaafu, si daktari wa mishipa ya fahamu, kwa hiyo nitawajibu, ujumbe mmoja baada ya mwingine, kwa yale niliyojifunza wodini na yale niliyofundishwa na mwili wangu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 68. Siku hizi nalia kwa jambo dogo tu: kwaya ikiimba, mjukuu akisoma vizuri, hata taarifa ya habari. Wanangu wanasema uzee umenikalia vibaya. Je, ni ugonjwa au nimekuwa legelege? (Iringa)

Shikamoo mwalimu. Ni ugonjwa. Daktari mmoja wa London, James Parkinson, alipoueleza mwaka 1817 aliuita kwa kutetemeka kwake, na tangu hapo watu wanatazama mikono tu. Lakini kinachokufa polepole ndani ya ubongo ni seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, na dopamini haihusiki na mwendo peke yake. Hamu ya kuanza jambo na raha ya kulimaliza zinaitegemea pia. Serotonini, ambayo husaidia kutuliza hisia, nayo hupungua. Gari lile lile, barabara ile ile, ila breki zimelegea.

Mwaka juzi mimi nilimlilia muuza dagaa. Alinipimia fungu langu, akaongeza kiganja kimoja juu, akasema, "Hii ya mama." Nikabaki nimesimama pale sokoni nabubujikwa na machozi, mfuko mkononi, na kijana wa watu anaapa kwamba hajanipunja.

Machozi ya namna hiyo yana sababu, ingawa sababu yenyewe ni ndogo, na hayana madhara. Ukiona yanakuja, badilisha mkao, vuta pumzi taratibu, hesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Na waambie wanao mapema: "Nikilia msikatize mazungumzo, endeleeni, nitawakuta mbele." Aibu hupungua mno watu wasipokukodolea macho.

Kuna machozi mengine yanayotoka bila huzuni yoyote, au kicheko kinachokupata msibani na huwezi kukizuia. Hayo mwambie daktari, maana dawa za kuyapunguza zipo. Na kuna sonona, ambayo ndiyo naihofia zaidi: wiki mbili au zaidi huoni raha ya ulivyovipenda, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, unajiona mzigo. Inawapata wengi wetu, na kwa baadhi inaanza miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Inatibika. Ukifika mahali unawaza kufa, usingoje tarehe ya kliniki, mwambie mwanao leo na mwende hospitali leo.

Mume wangu amekuwa kama sanamu. Nimemwambia binti yetu kaposwa, hata hakutabasamu. Tumeishi miaka thelathini. Mapenzi yamekwisha? (Mombasa)

Pole dada yangu. Usimhukumu kwa uso. Misuli ya uso inakakamaa na kuchelewa kama ya mguu. Lile tabasamu linalotoka lenyewe, kupepesa macho, kuinua nyusi mtu anapostaajabu, vyote hupungua. Sauti nayo hushuka ikawa bapa. Mtu anaweza kuwa na vigelegele moyoni na usoni pake pasionekane hata dalili.

Muulize kwa maneno: "Umefurahi?" Kisha nyamaza. Ngoja kuliko ulivyozoea kungoja, kwa kuwa jibu linachelewa njiani. Shemeji yangu mmoja aliniambia alimwuliza mumewe hivyo, akakaa kimya, na baada ya kitambo akajibiwa, "Nawaza nitavaa nini."

Lakini kama na kwa maneno anasema hajali, na hana huzuni, ila hakuna kinachomwinua kitini, hiyo ni hali nyingine ya ugonjwa huu huu: mota ya hamu imezima. Kumsuta hakusaidii. Kinachosaidia ni ratiba isiyojadiliwa: baada ya Alasiri mnatembea hadi dukani, kila siku, hana haja ya kuamua.

Baba anapata hofu kali karibu kila siku kabla ya chakula cha mchana. Jasho linamtoka, anasema anakufa, anatufokea. Baada ya saa moja yuko salama. Mtaani wanasema kachezewa. (Bukoba)

Mwanangu, kabla ya kumtafuta mchawi tazama saa.

Nina daftari la shule, lile la kurasa themanini. Kuna kipindi niliandika humo kila siku saa ya dawa na hali yangu. Nakunukulia: "Saa tano kasoro robo: nalia, sijui kwa nini, mkono wa kulia mzito. Saa tano: dawa. Saa tano na nusu: nimecheka na jirani." Kesho yake hivyo hivyo. Siku nane mfululizo! Nilikuwa nimejishawishi kwamba nalia kwa ajili ya marehemu mume wangu, kumbe marehemu hana kosa, ni kidonge kilichokuwa kinaisha.

Levodopa ndiyo dawa kuu ya Parkinson, na miaka inavyokwenda dozi moja hudumu muda mfupi zaidi. Inapokwisha mwilini, wengine hukakamaa, wengine hupata hofu, huzuni au hasira kabla hata ya kukakamaa, na dozi inayofuata ikishika, wingu linaondoka. Andikeni wiki moja, mpeleke daftari kliniki. Mimi daktari alisogeza saa, hakuongeza hata kidonge. Msisogeze wenyewe, na msikatishe dawa ghafla. Kuikata ghafla ni hatari ya kulazwa.

Ulizeni pia anakunywa dawa na nini. Nyama, samaki, maharage na maziwa hushindana na levodopa kuingia mwilini. Kwa kawaida tunashauri nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Sahani ya maharage ya asubuhi inaweza kumlia baba yako dozi yake.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa sauti kubwa. Mzee akipelekwa hospitali usiku akiwa amechachamaa, semeni mlangoni kwamba ana Parkinson. Sindano ya haloperidoli ya kumtuliza, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika, huziba njia ya dopamini na inaweza kumwacha amekauka kama gogo. Mimi mwenyewe nilikaribia kuchomwa hiyo ya kutapika na muuguzi mwenzangu mwenye nia njema kabisa.

Kuhusu mtaa: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa wa Parkinson, matokeo yakachapishwa 2008. Wengi wa waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hospitali isipotoa jina, jirani hutoa lake. Maombi afanyiwe, sina ugomvi nayo, ila kidonge kisikose saa yake.

Tangu mzee wangu abadilishiwe dawa anabeti usiku kucha. Ameuza ng'ombe wawili. Hajawahi kuwa mtu wa kamari. (Nakuru)

Mama, soma boksi la dawa. Kuna kundi la dawa zinazoiga dopamini, pramipeksoli ikiwemo, ambazo kwa baadhi ya watu huamsha tamaa isiyoshikika: kamari, kununua vitu ovyo, kula bila kipimo, tamaa ya ngono. Mwenyewe huficha kwa aibu, au haoni tatizo kabisa. Rudini kwa daktari wiki hii, mtaje kila kitu, hata kile mnachoona haya kukitaja. Asiache ghafla, daktari ataipunguza kwa hatua, na mara nyingi tamaa hupungua nayo. Kwa sasa namba ya siri ya M-Pesa ibaki kwako na hati ya shamba iende kwa kaka yake. Msimwite mlevi wa kamari mbele ya watoto.

Nimeambiwa upupu unatibu. Kweli?

Mbegu za upupu zina levodopa, ni kweli. Hautibu, unapunguza dalili kama vidonge vinavyopunguza, na shida ni kwamba huwezi kujua kijiko chako kina kiasi gani. Ukichanganya na vidonge unaweza kuzidisha ukaanza kuona vitu visivyokuwepo. Mwambie daktari hata kama unajua atanuna.

Nikitazamwa natetemeka mara mbili. Nimeacha vikao vya harusi na kahawa ya barazani. (Tanga)

Kaka, mtetemo unapenda hadhara. Hisia zikipanda, mwili unamwaga adrenalini, homoni inayoupeleka moyo mbio na kuongeza mtetemo, iwe ni hofu, hasira au furaha. Ndiyo maana mkono ule ule uliotulia nyumbani unacheza ngoma mbele ya wakwe. Ukijificha, siku ukitoka hofu inakuwa kubwa zaidi.

Mwaka 1996 huko Atlanta, bondia Muhammad Ali, yule wa Kinshasa 1974, naye akiwa na Parkinson, aliwasha mwenge wa Olimpiki huku mkono wa kushoto ukimtetemeka mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyetazama pembeni. Sisemi uwe Ali. Nasema kaa kikaoni mapema kabla watu hawajajaa, panga saa ya dawa iwe imeshika, weka kiwiko mezani, na useme mwenyewe kabla hawajauliza: "Mkono huu una Parkinson, mwenye mkono hajambo."

Na kahawa usiache. Mimi nilimwambia kijana wa kahawa anijazie nusu kikombe nisimwage, kisha arudi na nusu nyingine. Huwa anasahau alipoishia, ananijazia tena na tena. Tangu hapo nakunywa vikombe viwili kwa bei ya kimoja, na sijamkumbusha.