Re: Silali kabla ya saa 7 usiku, nijilazimishe kuamka saa 11 alfajiri?

Ndugu, huo si uvivu. Huenda saa ya mwili wako inachelewa tu, na kuruka ghafla hadi saa 11 kunaweza kukuchelewesha zaidi. Ipime kwanza. Ukiwa likizo, lala bila kengele, andika muda uliosinzia na ulioamka. Siku 3 za mwanzo usizihesabu, mwili unalipa deni la usingizi. Kisha tafuta katikati ya usingizi wako: ukilala saa 7 usiku ukaamka saa 3 asubuhi, katikati yako ni saa 11 alfajiri.

Katikati hiyo inakuonyesha saa ya mwili wako ilivyo. Siri ya kuirekebisha ni mwanga. Joto la mwili hushuka chini kabisa masaa 2 au 3 kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga mkali kabla ya hapo huchelewesha usingizi. Baada ya hapo huurudisha mapema. Kwa hiyo amka mapema zaidi kwa dakika 15 kila baada ya siku 2 au 3, ukiamka toka nje nusu saa, na usiku punguza taa masaa 2 kabla ya kulala. Wengi huharibu Jumamosi kwa kulala hadi mchana.

Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana. Kafeini haitoki mwilini upesi.

Kazi nzito ya kichwa ianze masaa 2 au 3 baada ya kuamka, si dakika za kwanza, ubongo bado mzito. Alasiri ukisinzia, fanya vitu vyepesi.