Jaribio kigeugeu lisikuzoeshe kubofya "rudia"

Kwa wiki kama tatu kuna jaribio moja la programu lilitutesa, yaani hatua zinazojiendesha zenyewe kukagua kama programu inafanya kazi. Lilikuwa kigeugeu: mara linapita, mara linaanguka, bila msimbo (maandishi ya programu) kubadilishwa. Mfumo ulikuwa wa mauzo ya maduka ya dawa, na jaribio lenyewe halikuwa na makuu: ingiza mauzo ya leo, fungua ripoti ya leo, hakikisha mauzo yamo. Usiku linaanguka, asubuhi ukilirudia linapita. Tukazoea. Likianguka, mtu anabofya "rudia" na kazi inaendelea.

Siku moja nikakaa nikaorodhesha saa ya kila anguko. Zote zilikuwa kati ya saa sita na saa tisa usiku, hakuna hata moja nje ya hapo. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC (saa ya rejea ya dunia), na seva yetu ilihesabu siku kwa UTC. Kwetu tarehe imeshabadilika, kwake bado ni jana. Kumbe jaribio lilikuwa likisema kweli muda wote! Duka linalokesha likiuza dawa saa saba usiku, mauzo yanaingia kwenye ripoti ya siku iliyopita. Mhasibu wa watu anahangaika na hesabu zisizolingana, huku sisi tunabofya "rudia". Liliniuma sana.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja. Jaribio likianza ukigeugeu, litoeni siku hiyohiyo kwenye kundi la majaribio ambayo yakianguka yanazuia msimbo mpya kuunganishwa na programu, kisha liandikieni jina la mtu wa kulishughulikia na tarehe ya mwisho. Bila jina na tarehe litasahaulika huko. Wala msiseme linaanguka mara chache tu. Mkiwa na majaribio 200, na kila moja linaanguka ovyo mara 1 katika 100, basi karibu mara 87 katika kila 100 mnapoyaendesha yote mtaona nyekundu, yaani angalau moja limeanguka. Google wenyewe waliandika mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa namna fulani.

Kutafuta chanzo, liendeshe peke yake mara 100. Likipita zote, changanya mpangilio wa majaribio yote uyaendeshe tena. Mara nyingi utakuta lililotangulia limeacha data zake kwenye hifadhidata. Halafu kuna ile amri ndani ya jaribio ya "subiri sekunde mbili", ambayo sijawahi kuikosa kwenye mradi wowote. Kwenye kompyuta yako zinatosha, seva ikielemewa hazitoshi. Subiri jambo lenyewe litokee, na uweke kikomo, tuseme sekunde 30.

Kuhusu saa, jaribio lisitegemee saa ya mashine. Ipe programu saa uliyoichagua wewe. Lile letu sasa linaendeshwa mara mbili kila tunapobadilisha msimbo: programu inaambiwa ni saa nne asubuhi, kisha inaambiwa ni saa saba na nusu usiku.