Maswali ya Wafugaji: Nyuki Wangu Wako Hai?

SWALI: Nina mizinga miwili ya fremu, na haya ni majira yangu ya kwanza ya baridi kali. Tangu theluji ianguke sijaona nyuki hata mmoja akitoka. Je, ninaweza kuinua kifuniko nichungulie, au nitawadhuru?

JIBU: Ndugu msomaji, kifuniko kiache kilivyo. Kutoonekana kwa nyuki mlangoni si dalili ya kufa kwao, kwa kuwa joto la nje linaposhuka chini ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi hukusanyika pamoja kati ya masega, walio ndani wakitetemesha misuli ya mabawa ili kuzalisha joto, na walio pembeni wakijibana kama blanketi juu ya wenzao. Ukifungua, joto hilo hupotea, gundi waliyozibia nyufa hubanduka, na nyuki anayeachana na kundi hupigwa na ubaridi asiweze kurudi.

Anza kwa kusikiliza. Siku isiyo na upepo, tega sikio ubavuni mwa mzinga, kisha gonga kwa kidole mara moja tu. Mvumo unaopanda na kutulia upesi ni habari njema. Usiposikia kitu, usikate tamaa mapema, maana kundi dogo lililojikusanya mbali na ubavu husikika kwa shida.

Kama mzinga wako una trei ya chini inayochomolewa, itazame: vumbi la nta lililolala kwa mistari huonyesha ni kati ya masega yapi nyuki wamekaa na kufungua asali iliyofunikwa kwa nta. Mizoga michache mlangoni ni jambo la kawaida, na ikirundikana hadi kuziba njia, iondoe taratibu kwa waya uliopindwa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kipimo kinachookoa makundi mengi zaidi ni uzito. Inua kidogo upande wa nyuma wa mzinga kwa mkono mmoja, bila kuutikisa, na urudie kila baada ya wiki mbili ili mkono uzoee tofauti. Ongeza uangalifu majira ya baridi yanapokaribia kwisha: malkia huanza tena kutaga, majana, yaani watoto wa nyuki, huhitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, na asali huliwa kwa kasi kuliko miezi iliyotangulia, wakati maua bado hayajachanua. Makundi yaliyovuka baridi yenyewe hufa njaa wakati huo.

Ukiuona mzinga ni mwepesi, hapo ndipo ninapokubali kifuniko kiinuliwe, kwa muda mfupi na siku tulivu, ili uweke donge la sukari iliyokandwa moja kwa moja juu ya kundi. Usiwape maji ya sukari, kwani wakati wa baridi hawawezi kuyakausha vizuri, na unyevu wake hubaki ndani ya mzinga.