Regulata inafoka mdomoni dakika chache baada ya kufungua mtungi: usikaze hatua ya pili

Ndugu yangu wa Watamu, maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Ukifungua mtungi wa hewa wa kuzamia, regulata (kifaa cha kupumulia) inakaa kimya, dakika mbili tatu baadaye inaanza kufoka taratibu mdomoni, ukivuta pumzi moja inanyamaza, halafu inarudia. Na umeshauriwa ukaze skrubu ya hatua ya pili, yaani ile sehemu ya regulata unayoiweka mdomoni. Tafadhali usiikaze. Mimi niliikaza.

Sauti unaisikia mdomoni lakini ugonjwa uko kwenye hatua ya kwanza, ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi. Kazi ya hatua ya kwanza ni kuishusha hewa kutoka bar 200 za mtungi hadi bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yaliyokuzunguka. Ikifika hapo, siti ya plastiki ngumu iliyo ndani inatakiwa izibe kabisa. Siti ikichimbika, au punje ya chumvi ikinasa pale inapokutana na chuma, hewa inaendelea kupenya kidogo kidogo na presha ya paipu inapanda. Valvu ya hatua ya pili imeundwa kwa makusudi isukumwe na kufunguka presha ikizidi, la sivyo paipu ingepasuka. Kwa hiyo inachofanya ni kukuokoa. Ukivuta pumzi unaishusha ile presha, ndipo kunakuwa kimya, kisha inaanza kupanda upya. Hatua ya pili ingekuwa mbovu yenyewe, kwa kawaida ingefoka tangu unapofungua mtungi.

Naongoza wazamiaji Nungwi, huu mwaka wa 11. Katika mwaka wangu wa pili regulata yangu ilifanya hivyo hivyo, nikakaza skrubu robo mzunguko, kelele ikakoma, nikaona nimemaliza. Siku mbili baadaye tuko Mnemba, mita 18, ikafunguka yote. Mapovu yalinijaa usoni nisione kitu, na sindano ya geji ya mtungi ikawa inashuka huku naitazama. Hewa bado unaipata regulata ikifunguka namna ile, unainywa pembeni ya mdomo, ila mtungi hauna muda. Nilishika okto (mdomo wa akiba wa kupumulia) ya msaidizi wangu, tukapanda na wageni pole pole, tukasimama dakika 3 kwenye mita 5. Wote walitoka salama. Lakini macho ya mgeni aliyekuwa karibu yangu sijayasahau: alikuwa ananitazama mimi, mtu ambaye ndiye alipaswa kumsaidia.

Fundi alipofunga geji ya presha ya kati, yaani presha ya kwenye paipu, sindano ilianza bar 9.5, na bila mtu kugusa kitu ikapanda 11, 12, ikapita 13. Siti ilikuwa na mfereji unaoushika kwa ukucha.

Geji hiyo inachomekwa kwenye paipu ya koti la kuelea, na kila kituo cha uzamiaji kinapaswa kuwa nayo. Acha hatua ya pili ikiwa imeunganishwa kwenye paipu yake ili hewa ipate pa kutokea, na usiinamie kioo wakati unafungua mtungi. Bonyeza kitufe cha kupulizia cha hatua ya pili mara kadhaa, uachie, uangalie kwa dakika tano. Sindano ikipanda kidogo sana halafu ikatulia, si neno. Ikiendelea kupanda, siti imekwisha. Usiipe hata safari moja zaidi.

Halafu fungua kifuniko cha vumbi utazame kichujio. Kijani ni maji ya chumvi yameingia. Wekundu ni kutu kutoka kwenye mtungi wa chuma, na hapo mtungi nao ukaguliwe. Changu kilikuwa kijani, na chanzo kilikuwa mimi mwenyewe: nilikuwa nafunika regulata bila kukausha kifuniko, kisha naibonyeza kitufe ikiwa ndani ya ndoo. Ukibonyeza bila presha, valvu inafunguka na maji yanapanda kwenye paipu hadi hatua ya kwanza. Siku hizi naiosha ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi uliofunguliwa, kwa maji ya mvua, maana kisima chetu kina chumvi. Kisha naianika kivulini, paipu zisikunjwe.

Ule unyevu unaosema unaupata ukivuta pumzi ni jambo jingine. Funga kifuniko cha vumbi, weka mdomoni bila mtungi, uvute. Hewa isipite hata kidogo. Ikipita, angalia kwanza kipande cha kuuma kama kimechanika chini ya kamba ya plastiki, halafu valvu ya kutolea pumzi; mara nyingi ni punje ya mchanga tu. Mwisho kiwambo, ule utando wa mpira ulio ndani ya hatua ya pili.

Siti na oringi (vipete vya mpira vya kuzibia) mpelekee fundi aliyefunzwa kwa aina ya regulata yako. Mtu akikuletea mafuta ya cherehani au ya kupikia, mkatalie: mafuta na hewa yenye presha kubwa vinaweza kuwaka, na grisi yake ni maalumu. Sisi tunapeleka zetu zote wakati wa masika, wageni wakiwa wachache, hata zile ambazo hazijalalamika.

Kesho pima, kisha uniandikie sindano ilianza wapi, ilifika wapi, na kichujio kina rangi gani.