Mpira wa kusafishia damu: wa shingoni au wa kifuani?

Swali: Mama yangu ana ugonjwa wa figo na anasafishwa damu mara 3 kwa wiki. Amewekewa mpira shingoni, umeshonwa kwa uzi. Sasa wiki ya 2 inakwisha na daktari anataka kuutoa, aweke mwingine unaotokea kifuani. Bei yake ni kubwa mno, na huu wa kwanza bado unafanya kazi. Kuna ulazima gani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Pole kwa kuuguza. Ulazima upo, hata kama mpira wa kwanza haujaharibika. Huo ni wa muda. Unapita kwenye ngozi na kuingia mshipani papo hapo, na kinachoushikilia ni uzi tu. Bakteria wa ngozini wana sentimita chache za kutambaa ubavuni mwa mpira kabla ya kufika kwenye damu. Ndiyo maana hushauriwa usizidi wiki 2.

Wa kifuani huingia mshipa uleule wa shingo, ila hulazwa kwanza chini ya ngozi, ukavuka juu ya mtulinga na kutokea kifuani. Sehemu iliyofichwa ina pete ya nyuzi za polyesta. Kwa wiki 3 au 4 nyama huota ndani ya nyuzi hizo, ikaushika mpira na kuwazibia bakteria njia. Ubunifu huo ulianzia Seattle, Marekani: Broviac na wenzake waliutumia mwaka 1973 kulisha wagonjwa kupitia mshipani, na mwaka 1979 Hickman na wenzake wakaupanua kwa wagonjwa wanaopandikizwa uboho. Mipira ya kusafishia damu ilifuata njia hiyohiyo.

Lakini mpira mzuri ukiwekwa vibaya ni hasara tupu, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza utawekwaje.

Upande unaofaa zaidi ni wa kulia wa shingo, kwa sababu vena yake (mshipa unaorudisha damu moyoni) hushuka karibu wima. Kushoto mpira hupinda kabla ya kufika, hivyo huhitaji urefu zaidi: kwa mtu mzima, kutoka ncha hadi kwenye pete, mara nyingi ni sentimita 19 kwa kulia na 23 kwa kushoto. Vena iliyo chini ya mtulinga iepukwe kadiri inavyowezekana. Mpira huiachia kovu na kuibana, na mkono wa upande huo unaweza kupoteza nafasi ya kutengenezewa fistula, yaani vena kuunganishwa na ateri kwa upasuaji ili damu isafishwe kupitia hapo.

Uliza pia kama watatumia ultrasaundi. Kwenye skrini vena hubonyea kifaa kikikandamizwa, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) haibonyei kirahisi na hudunda. Njia yenyewe ni ya Seldinger wa Sweden, ya mwaka 1953: sindano inaingia, waya unapita ndani yake, sindano inatolewa, kisha tundu linapanuliwa na mpira unapitishwa. Hatua ya kulindwa kuliko zote ni kuthibitisha kwamba waya umo ndani ya vena kabla ya kupanua. Sindano ikitoboa ateri, kukandamiza kwa dakika kadhaa mara nyingi kunatosha. Kipanuzi cha milimita 5 kikiingia humo, huenda akahitajika daktari wa upasuaji.

Ncha ya mpira huu inatakiwa iishie katika chumba cha juu cha kulia cha moyo, na ithibitishwe kwa eksirei. Hapa wengi hukosea: mgonjwa hupimwa akiwa amelala, kisha akikaa, uzito wa titi na mafuta ya kifua huvuta mpira chini, na ncha ikapanda sentimita kadhaa. Kwa mama mwenye kifua kizito daktari azingatie hilo tangu mwanzo.

Na fistula ya mkono ipangwe sasa hivi. Ikishatengenezwa huchukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa. Mkono utakaotumika usitolewe damu wala kuwekewa dripu.

Swali: Mashine ikilia kwamba damu haivutiki, tunabadilisha mirija, wa kuvuta unakuwa wa kurudisha. Je, ni sahihi? (Muuguzi, Dodoma)

Jibu: Ni msaada wa siku hiyo, dada, usiwe mazoea. Kwenye mipira yenye ncha ya ngazi, tundu la kurudisha damu liko sentimita 2 hadi 3 mbele ya lile la kuvuta. Ukigeuza, damu iliyokwisha safishwa huvutwa tena mashinani, na mgonjwa anaondoka na uchafu wake ingawa saa 4 zimetimia. Ncha mpya zenye matundu yanayolingana pande zote mbili zimebuniwa kupunguza tatizo hilo.

Anza na kumgeuza mgonjwa, akohoe, angalia kama mpira umekunjika au kibano kimebaki kimefungwa. Vuta nje dawa ya kuzuia damu kuganda iliyoachwa ndani ya mpira, kisha sukuma mililita 10 za maji ya chumvi. Mpira uliogoma tangu siku ya kwanza mara nyingi umekunjika pale unapopinda shingoni, au ncha haijakaa sawa: omba eksirei. Uliofanya kazi wiki kadhaa kisha ukagoma una damu iliyoganda au utando ulioota kuuzunguka.

Kagua pia mnavyoufunga, yaani mnavyoujaza heparini, dawa hiyo ya kuzuia kuganda, baada ya kusafisha. Kila njia ya ndani ya mpira ina ujazo wake ulioandikwa kwenye mpira, kwa mfano mililita 1.6. Heparini ikizidi inamwagikia mwilini, ikipungua ncha inabaki na damu inayoganda.

Swali: Mpira ukichomoka nyumbani tufanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Mlaze chali bila mto. Damu inatokea tundu la vena, kwa hiyo kandamiza shingoni, juu kidogo ya mtulinga, pamoja na tundu la kifuani, kwa dakika 10 bila kuchungulia. Msiurudishe mpira ndani. Mfunike tundu kwa plasta isiyopitisha hewa, mwende hospitali. Kama haukuchomoka bali umekatika au kifuniko kimefunguka, fungeni kibano karibu na mwili au mkunje mpira kwa vidole, na mgonjwa mlazeni kwa ubavu wake wa kushoto: hatari hapo ni hewa kuvutwa hadi moyoni.