Re: Nachanganya mifupa ya kulia na kushoto na praktiko imekaribia

Mdogo wangu tulia kwanza, kulia na kushoto unakujua kwa kushika mfupa wenyewe sio kukodolea picha za kwenye simu. Chukua humerasi, mfupa wa kati ya bega na kiwiko, kichwa cha mviringo kiwe juu, halafu tafuta lile shimo kubwa la chini ambalo ncha ya kiwiko inaingia ukinyoosha mkono, hilo liko nyuma siku zote kwa hiyo ligeuze likutazame wewe. Sasa kichwa kikielekea kushoto kwako, huo ni wa mkono wa kulia, maana lazima kiangalie katikati ya mwili.

Ulna na radiasi, ile mifupa miwili ya kati ya kiwiko na kiganja, zisikusumbue, ulna nene juu ina mdomo kama wa spana, radiasi nene chini upande wa dole gumba, basi.

Fuvu ndo penye kazi, na usikariri matundu yote kwa mkupuo. Anza na pterioni, pale kwenye panja inapokutana mifupa minne, frontali (wa paji la uso), parietali (wa juu pembeni mwa kichwa), temporali (wa kwenye sikio) na sfenoidi (wa nyuma ya macho). Pale mfupa ni mwembamba na kwa ndani inapita ateri ya kati ya meninji, yaani mshipa wa damu wa tando zinazofunika ubongo, mtu akigongwa hapo damu inaweza kujikusanya ikabana ubongo. Kisha angalia sakafu ya fuvu kwa ndani, tundu kubwa lililorefuka ni ovale, kale kadogo nyuma yake kwa upande wa nje ni spinosamu, na ateri ile ile ndo inaingilia hapo. Omba ukae na boksi la mifupa maabara jioni, ujipime umefumba macho.