Barua kwa mwanangu: Hiyo Subaru itakula kiasi gani?

Lubumbashi, Kampemba

Mwanangu,

Yambo. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unauliza: "Papa, kuna Impreza WRX ya 2003 pale Kasumbalesa mpakani, wanataka dola 6,500. Itanikula kiasi gani kwa mwaka? Na nikiiongezea nguvu kidogo?" Hilo "kidogo" ndilo limenifanya nichukue kalamu.

Kwanza, bei ya Kasumbalesa si bei ya Kolwezi kwako. Uliza kama duane, yaani ushuru wa forodha, imelipwa, na risiti uione kwa macho yako. Mambo ya karatasi unayajua kuliko mimi.

Sasa injini. Ni EJ20, lita mbili, pistoni nne zimelala, mbili kila upande. Kwa hiyo buji (plagi) zimetazama ubavuni mwa gari na mkono wa fundi hauingii vizuri. Kazi ambayo kwenye Corolla naimaliza kabla chai haijapoa, pale inakula asubuhi nzima, na asubuhi ya fundi inalipwa. Halafu kuna mkanda unaoendesha valvu. Hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu, basi injini imekufa. Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini hata kidogo. Hesabu kwamba mkanda ni mzee, uweke mpya pamoja na roda zake na pampu ya maji kabla hujazurura nayo.

Oili nakuambia kila kilomita 4,000, si zaidi, maana turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inachoegemea ni oili tu. Na esansi (petroli) ya makadhafi, wale wauzaji wa barabarani, ile ya bidoni, usiiguse. Huko Japani gari hili lilipangiwa esansi bora, inayokaribia oktani 100; oktani ni kipimo cha esansi kutowaka ovyo. Ukilitia esansi dhaifu, inawaka kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Utasikia kokoto zinagonga ndani ya injini ukipanda mlima. Siku hiyo toa mguu kwenye mafuta.

Kitu kinachowashangaza wengi ni matairi. Magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo yanatakiwa yawe sawa, aina moja na uchakavu mmoja. Tofauti ya milimita chache inatosha kuchosha difrensha ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukipasua tairi moja kwenye shimo la Likasi na mengine yamekwisha nusu, hununui moja. Unanunua manne.

Haya, hiyo nguvu ya "kidogo". Najua unachotaka: ile sauti ya "psiii" ukiachia mguu. Wanafunga valvu inayomwaga hewa ya turbo nje. Lakini kompyuta ya gari imekwisha kuipima ile hewa na kumwaga esansi yake. Hewa imetoka, esansi imebaki. Unalipia sauti kila ukibadili gia. Kichujio kile cha wazi nacho, chenye umbo la koni, hapa kwetu kiangazi na hili vumbi jekundu, ni kuilisha turbo mchanga.

Ukiongeza shinikizo la turbo, klachi itaanza kuteleza. Utaweka klachi ngumu, basi mzigo unahamia kwenye giaboksi, na hiyo ya gia tano ya WRX inajulikana kwa kuvunjika meno. Kisha breki hazitoshi. Nimewaona vijana wa hapa: kila kipande kipya kinamfichua jirani yake aliye dhaifu, na gari linakaa garaji miezi huku wanapokezana kuliosha.

Usidhani nakucheka. Mwaka 1988, wewe hujazaliwa, nilikuwa na Celica. Nikakata springi zake kwa msumeno ili ilale chini kama za kwenye magazeti. Wiki hiyohiyo, barabara ya Kipushi, jiwe likatoboa kasha la oili. Taa nyekundu ikawaka. Niliendelea kuendesha kwa sababu kulikuwa na wasichana kituoni, niliona haya kusimama. Injini ilijifunga mita chache mbele yao. Mama yako alikuwa mmoja wao, na mpaka leo anawasimulia wageni.

Jibu lako basi: kama huna dola 3,000 pembeni kwa mwaka wa kwanza, mbali na esansi, usilinunue. Ukiwa nazo, zianzie kwenye mkanda, matairi, breki na oili. Nguvu iliyomo inakutosha.

Na volan, yaani usukani, iko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, usisahau. Kati ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya malori ya shaba, huoni mbele mpaka uwe umekwisha kujitoa nusu. Usipite kwa kubahatisha, na usimwamini abiria anayekuambia "pita".

Kabla ya kulipa, fundi wako aliwashe asubuhi likiwa baridi, akutumie video na mimi nisikilize. Moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua, nitauona mwenyewe. Mama yako anauliza kama lina milango minne. Nimemwambia ndiyo, amefurahi kuliko mimi.

Papa